Ndege ya kwenye karatasi haianguki

Tarehe 20 Januari 1974, kwenye kambi ya Jeshi la Anga ya Edwards katika jangwa la California, rubani wa majaribio Phil Oestricher alikuwa na kazi moja: kuikimbiza ndege mpya, YF-16, kwenye njia ya kurukia kwa mwendo mkali, kisha kuisimamisha. Kupaa hakukuwamo kwenye ratiba ya siku hiyo. Mwendo ulipokolea, ndege ikaanza kuyumba, bawa hili linashuka, lile linanyanyuka, na kila alipojaribu kuituliza ndivyo ilivyozidi. Bawa dogo la mkia upande wa kulia likakwaruza njia. Ndege ikaanza kuacha mstari wa katikati na kuelekea pembeni. Oestricher akakata shauri kwamba kung'ang'ania ardhini ni kuivunja, akaongeza nguvu ya injini, akapaa. Alikaa hewani dakika sita, akazunguka, akatua salama.

Tatizo lilikuwa kwenye usukani. Fimbo ya YF-16 ilikuwa upande wa kulia wa rubani, na ilikuwa haisogei. Ilipima tu nguvu ya mkono wake na kuipeleka kwa nyaya za umeme hadi kwenye mabawa na mkia. Ndege ikiwa bado ardhini, fimbo hiyo ilikuwa nyepesi kupita kiasi. Wahandisi wakaipunguza wepesi, na tarehe 2 Februari ndege ikaruka safari yake rasmi ya kwanza. Kasoro ambayo ingeweza kujificha kwenye michoro kwa miaka ilikamatwa na kurekebishwa ndani ya wiki mbili.

Nyuma ya mkasa huo kulikuwa na mambo mawili ambayo wasimuliaji wake huyaruka. Kwanza, wakati YF-16 inayumba pale Edwards, kampuni ya Northrop ilikuwa inamalizia ndege yake, YF-17, ije ishindane nayo. Pili, serikali ya Marekani haikuwa imeahidi kununua hata moja kati ya hizo mbili. Hilo la pili ndilo ninalotaka kulitetea hapa. Tukisikia habari za mashindano ya ndege za kivita tunakimbilia kuuliza nani kashinda, halafu tunaanza kubishana kama kweli alistahili. Kwangu mimi, faida ya kurusha ndege mbili kabla ya kununua iko katika kile kipindi kifupi ambacho mnunuzi bado ana uwezo wa kusema hapana na kuondoka na fedha zake. Kikipita hicho, mwenye nguvu ni muuzaji.

Marekani ililijua hilo kwa kulipia. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Wizara ya Ulinzi ilikuwa inachagua ndege kwa kusoma makabrasha. Waziri wa Ulinzi Robert McNamara, aliyetokea kampuni ya magari ya Ford, alitaka ndege moja itakayolifaa Jeshi la Anga na Jeshi la Wanamaji kwa pamoja. Boeing na General Dynamics zikaandika, zikarudishiwa, zikaandika tena, raundi nne nzima. Wataalamu wa kijeshi waliozipima wakaipendelea Boeing. Novemba 1962 kazi ikapewa General Dynamics, kwa hoja kwamba ndege yake ingefanana zaidi kwa majeshi yote mawili na kwamba makadirio yake ya gharama yalikuwa na ukweli zaidi. Mjadala wote huo, hadi bungeni, ulihusu ndege ambazo hakuna mtu aliyewahi kuziona zikiruka. F-111 iliyozaliwa hapo ilikuja kulifaa Jeshi la Anga baada ya misukosuko mingi. Ile ya wanamaji ilikuwa nzito mno kwa kazi ya kwenye meli, na mwaka 1968 ikaachwa.

Kisha ikaja C-5A, ndege kubwa ya mizigo ya Lockheed. Mkataba wake wa mwaka 1965 ulifunga kila kitu mahali pamoja, usanifu, majaribio na utengenezaji, kwa bei iliyokubaliwa kabla bati la kwanza halijakatwa. Novemba 1968 Ernest Fitzgerald, mtumishi wa Jeshi la Anga aliyekuwa akifuatilia gharama, aliliambia Bunge kwamba mradi unaelekea kuzidi bajeti kwa karibu dola bilioni 2. Kwa kusema hivyo alipoteza kazi, na ilimchukua miaka kurudishwa. Mabawa ya ndege yakaonyesha nyufa mapema, na katika miaka ya 1980 ikabidi yabadilishwe. Sisi tungesema serikali iliuziwa mbuzi kwenye gunia, ila hapa hata mbuzi mwenyewe alikuwa hajazaliwa.

Mtu aliyesema basi alikuwa David Packard, mmoja wa waanzilishi wawili wa Hewlett-Packard, ambaye aliingia Pentagon kama naibu waziri mwaka 1969. Alikuwa mhandisi aliyezoea kuunda kifaa, kukijaribu, ndipo akiuze. Akarudisha utaratibu uliokuwa umesahaulika: jenga, rusha, halafu nunua. Agizo la wizara kuhusu ununuzi wa silaha lililotoka Julai 1971 lina alama za mkono wake, na chini ya kivuli chake yakapatikana mashindano mawili ambayo hadi leo ndiyo bora ya aina yake.

La kwanza lilihusu ndege ya kuwasaidia askari wa miguu na kuangamiza vifaru. Northrop ilileta YA-9, Fairchild Republic ikaleta YA-10, na kati ya Oktoba na Desemba 1972 Jeshi la Anga likazipima zote mbili pale Edwards. Mambo yaliyoamua hayakuwa ya kusisimua hata kidogo. Injini za YA-10 zilikaa juu, nyuma ya mabawa, zimeachana, kiasi kwamba risasi iliyoua moja isingeifikia nyingine kirahisi. Chini ya mabawa yake palifikika kwa urahisi, fundi akaweza kufunga mabomu bila kuhangaika. Tena ilikuwa inakaribiana zaidi na ndege ambayo ingetoka kiwandani, kwa hiyo yaliyobaki ya kubadilisha yalikuwa machache. Swali la fundi atasimama wapi akifunga bomu, kabrasha hulijibu kwa sentensi moja nzuri. Uwanjani hujibiwa na mgongo wa fundi.

Jaribio hilo lilikuwa na pengo kubwa, nalo halikufichwa. Mzinga wa milimita 30, ambao ndege nzima ilibuniwa kuuzunguka, ulikuwa haujawa tayari, hivyo ndege zilipimwa zikiwa na mzinga wa milimita 20. Mzinga mkubwa ukaandaliwa shindano lake peke yake kati ya General Electric na Philco-Ford. Kitu kisichoiva kilipewa mtihani wake. Hakikuchomekwa ndani ya ahadi. Hata baada ya YA-10 kutangazwa mshindi Januari 1973, Bunge liligoma kuridhika. Wabunge waliuliza kwa nini inunuliwe ndege mpya wakati A-7 ipo na inafanya kazi, wakalazimisha zipimwe pamoja. Aprili na Mei 1974 A-10 ikashindanishwa na A-7D huko Kansas, ikashinda tena. Huo ndio uhuru wa mnunuzi ninaousema: mshindi kashatangazwa, na bado anarudishwa uwanjani kuulizwa swali jingine.

Shindano la pili ndilo lile la Oestricher. Wazo la ndege nyepesi ya kivita lilisukumwa na kikundi kidogo cha wabishi, akiwamo Kanali John Boyd na mchambuzi Pierre Sprey, waliokuwa wamechoshwa na ndege zinazozidi kunenepa na kupanda bei. Majenerali wengi hawakuitaka. Waliogopa itakula fedha za F-15, kipenzi chao. Chuki hiyo, kwa maajabu ya ofisi za serikali, ndiyo iliyoisaidia. Kwa kuwa wakubwa hawakuwa na mpango wa kuinunua, hakuna aliyekimbilia kuijaza mahitaji yake, na hakuna kiwanda kilichoanza kujengwa kwa kuitegemea. Aprili 1972 General Dynamics ilipewa dola milioni 37.9 na Northrop dola milioni 39.8, kila moja itengeneze ndege mbili. Lengo la bei lilikuwa dola milioni 3 hivi kwa ndege moja ikifika kiwandani.

Majaribio ya mwaka 1974 hayakuwa sinema. Ndege hizo mbili hazikupambanishwa zenyewe kwa zenyewe angani. Marubani walewale walihama kutoka hii kwenda ile, wakifanya mazoezi yaleyale, ili wanapotoa maoni wawe wanalinganisha vitu walivyovishika kwa mikono yao. YF-16 iliruka mara 330, saa 417. YF-17, iliyochelewa kuanza hadi Juni, iliruka mara 288, saa 345. Tarehe 13 Januari 1975 Waziri wa Jeshi la Anga John McLucas akaitangaza YF-16 kuwa mshindi. Ilikwenda mbali zaidi, iliongeza mwendo na kukata kona vizuri zaidi kwenye kasi kubwa, gharama yake ya uendeshaji ilikuwa ndogo, na injini yake ilikuwa ileile ya F-15, jambo lililowafurahisha wenye maghala ya vipuri. Mwaka huohuo Ubelgiji, Denmark, Uholanzi na Norway zikakubaliana kununua 348. Hadi sasa zimeshatengenezwa F-16 zaidi ya 4,600.

Na aliyeshindwa? Jeshi la Wanamaji lilitaka ndege ya injini mbili, YF-17 ilikuwa nazo, na Mei 1975 likaichagua iwe msingi wa F/A-18, ambayo imebeba kazi za meli za Marekani tangu miaka ya 1980. Ukoo wake, kwa wasomaji wa Kenya, unafika hadi Nanyuki: YF-17 ilichipuka kwenye michoro ambayo Northrop ilianzia kwenye F-5, ndege ambayo Jeshi la Anga la Kenya limekuwa likiirusha tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Kwa mikataba miwili isiyofikia dola milioni 78 kwa pamoja, Marekani ilipata ndege mbili zilizoishi nusu karne. Anayesema fedha za mshindwa zimepotea aanze kuonyesha hesabu yake hapo.

Lakini kurusha peke yake hakutoshi, na historia ina mifano miwili inayopaswa kumnyima usingizi kila anayeandaa mashindano. Agosti 1912 Uingereza iliandaa mtihani wa ndege za kijeshi huko Larkhill, kwenye uwanda wa Salisbury. Masharti yalikuwa ya maana kwa askari wa wakati ule: ndege iunganishwe haraka, ikae hewani saa tatu, iweze kutua na kupaa kwenye shamba lililolimwa. Samuel Cody, mzaliwa wa Marekani mwenye vituko vingi, alishinda kwa ndege yake kubwa ya mbao na turubai. Pembeni ya uwanja, bila kushindana, ilikuwapo B.E.2 ya kiwanda cha serikali. Haikuruhusiwa kuingia kwa sababu msimamizi wa kiwanda hicho alikuwa mmoja wa waamuzi. Katika siku zilezile za mashindano, Geoffrey de Havilland aliipandisha na abiria hadi zaidi ya futi 10,000, rekodi ya Uingereza. Jeshi lilimpa Cody zawadi yake, likanunua ndege mbili za aina yake, kisha likaagiza B.E.2 kwa wingi, na ndege ya kwanza ya kikosi cha Uingereza kutua Ufaransa Agosti 1914 ilikuwa B.E.2. Kila mtu pale uwanjani alikuwa ameona ipi ilikuwa bora. Kanuni ndizo zilizokuwa hazioni.

Mfano wa pili ni wa majonzi. Mwaka 1935 Jeshi la Marekani lilitaka ndege mpya ya kudondosha mabomu yenye injini zaidi ya moja. Douglas na Martin walileta za injini mbili. Boeing wakaleta ya injini nne, Model 299, iliyosafiri kutoka Seattle hadi Dayton, Ohio, kwa mwendo ambao ndege nyingi za kivita za siku zile zingeuonea wivu. Tarehe 30 Oktoba, kwenye uwanja wa Wright, ikapaa, ikainua pua kupita kiasi, ikaishiwa nguvu na kuanguka, ikawaka. Meja Ployer Hill alikufa siku hiyo, na Leslie Tower wa Boeing baadaye kwa majeraha. Ndege haikuwa na ubovu. Kufuli za kuzuia mkia usichezewe na upepo ndege ikiwa imeegeshwa zilikuwa hazijafunguliwa.

Boeing ikatolewa mashindanoni, maana ndege iliyoanguka haiwezi kumaliza mtihani, tena ilikuwa ghali. Jeshi likaagiza B-18 za Douglas 133. Hata hivyo, baadhi ya maofisa walitafuta mlango wa nyuma kisheria wakaagiza 13 za Boeing kwa ajili ya "majaribio zaidi", na marubani wakaandika karatasi fupi ya mambo ya kuhakiki kabla ya kuruka. Ndege hiyo ndiyo B-17, zilitengenezwa 12,731. Baadhi ya B-18 zilizokuwa Hawaii ziliteketezwa ardhini Wajapani waliposhambulia mwaka 1941. Ile karatasi ya kuhakiki ina safari yake ndefu zaidi: Shirika la Afya Duniani lilipojaribu orodha ya kuhakiki usalama kwenye vyumba vya upasuaji, moja ya hospitali nane za mwanzo ilikuwa ya Ifakara, Morogoro, na Atul Gawande aliyeongoza kazi hiyo hajachoka kuwakumbusha watu habari za Model 299.

Kwa hiyo uwanja unaweza kudanganya kama karatasi inavyodanganya, ikiwa maswali yake ni mabovu au mwamuzi amefungwa mikono na kanuni zake. Kilichookoa mambo mara zote mbili ni kwamba jeshi halikuwa limejifunga kwa mshindi peke yake. Lilibaki na upenyo wa kusema huyu hapana, au yule naye ndiyo.

Upenyo huo ulianza kuzibwa kwenye mashindano ya baadaye, polepole, kwa nia njema. Mwaka 1990 Lockheed na Northrop, kila moja ikiwa imepewa dola milioni 691, zilirusha YF-22 na YF-23. Tofauti na mwaka 1974, kila kampuni ilijipangia yenyewe nini cha kuonyesha. Lockheed walirusha makombora na kuinua pua ya ndege hadi nyuzi 60. Northrop hawakuona haja. Aprili 1991 Lockheed wakashinda, na mashabiki wa YF-23 hadi leo wanalia kwamba walionewa. Mimi sina kesi na matokeo hayo. Ninachokihoji ni mtahiniwa kujitungia mtihani. Tangu siku ile ya ushindi, ilichukua miaka 14 hadi F-22 kuingia kazini, Desemba 2005, na zikatengenezwa za kazi 187 badala ya 750 zilizofikiriwa mwanzoni.

Kisha F-35. Novemba 1996 Boeing na Lockheed zilichaguliwa kujenga ndege za kuonyesha wazo, X-32 na X-35. Ziliulizwa mambo makubwa matatu: je, ndege za aina tatu zinaweza kujengwa zikifanana, je, moja yao inaweza kuelea na kutua wima, je, inatulia ikija taratibu kama inavyotakiwa kwenye meli. Tarehe 20 Julai 2001 X-35B ilipaa kwenye kipande kifupi cha njia, ikavuka kasi ya sauti, ikarudi ikatua wima, vyote katika safari moja. Boeing walilazimika kuivua X-32B baadhi ya vipande ili ipungue uzito iweze kutua wima, na ndege waliyoahidi kutengeneza ilikuwa na mkia ambao ile iliyoruka haikuwa nao. Tarehe 26 Oktoba Lockheed wakashinda, na walistahili.

Ila tazama kilichonunuliwa. F-35 inauzwa kwa macho na akili yake: rada, kamera zinazomzunguka rubani, kompyuta zinazounganisha kila kinachoonekana kuwa picha moja. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokuwamo kwenye X-35. Lockheed hawakudanganya; walijibu walichoulizwa. Mtihani ulikuwa wa kuelea, na tuzo ikawa mkataba wa kujenga kitu kingine kabisa, mshindi akachukua vyote. Mwaka 2004 ilibainika kwamba ndege ya kutua wima imezidi uzito kwa zaidi ya tani moja, wahandisi wakaanza upya kukwangua chuma. Uzalishaji ulianza mwaka 2007, majaribio yakiwa bado machanga. Februari 2012 Frank Kendall, ambaye wakati huo alikuwa akishika ununuzi wa silaha Pentagon, alisema hadharani kwamba kuingiza ndege kiwandani miaka mingi kabla ya majaribio yake kulikuwa uzembe wa kitaalamu. Uamuzi rasmi wa kuruhusu uzalishaji kamili ulikuja Machi 2024, ndege zaidi ya 900 zikiwa zimeshatoka kiwandani. Mtu atoe ruhusa au aikatae, ingebadilika nini? Nchi washirika zilikuwa zimeshalipa, marubani wamehamishwa, ndege za zamani zinastaafishwa, na vipuri vinatengenezwa kwenye majimbo ambayo wabunge wake wanajua vema kura zinatoka wapi. Boeing hawakuwa na ndege mbadala tena.

India ilipata somo hilohilo kwa njia yake. Ilipotaka ndege 126, ilizialika aina sita na kuzipima nyumbani kwake, kwenye joto la Bangalore, mchanga wa Jaisalmer na hewa nyembamba ya Leh. Kama upimaji wa uwanjani, sijui nchi mnunuzi iliyofanya vizuri zaidi. Januari 2012 Rafale ya Ufaransa ikatangazwa. Hapo ndipo mazungumzo ya bei yakaanza kukokotwa, mwaka baada ya mwaka, hadi mpango ukafa, na Aprili 2015 Waziri Mkuu Narendra Modi akatangaza kununua 36 tu. Mshindi alikwishajua kwamba wenzake watano wamekwenda nyumbani.

Wanaopinga mashindano wana hoja mbili nzito. Moja ni gharama: kujenga ndege mbili za mfano leo si dola milioni 78 tena, ni mabilioni, na hakuna mhasibu anayefurahia kulipia kitu kitakachoishia makumbusho. Nyingine naiheshimu zaidi. Ndege ya sasa ni programu za kompyuta zilizovishwa bati, na programu haziko tayari siku ndege inaporuka mara ya kwanza. Unashindanisha nini basi? Jibu langu linarudi kwenye mzinga wa A-10. Kama roho ya ndege ni programu, basi shindanisha programu. Ziwekwe kwenye ndege yoyote ya zamani inayoruka, wahandisi wa pande zote mbili waulizwe maswali yale yale na marubani wale wale. Inawezekana: vyombo vya F-22 vilijaribiwa kwa miaka ndani ya Boeing 757. Ila sehemu kubwa ya majaribio hayo ilifanyika baada ya mshindi kupatikana, wakati majibu mabaya yalikuwa ni habari ya kuongezewa muda na fedha tu.

Hivi karibuni upepo umegeuka nusu. Machi 2025 Rais Donald Trump alitangaza kwamba Boeing itatengeneza ndege mpya ya kivita, F-47, na Jeshi la Anga likaeleza kuwa ndege za majaribio za mradi huo zilikuwa zimeruka kwa siri kwa miaka kadhaa. Ni vizuri kwamba ziliruka. Lakini mtihani wa siri ni mgumu kwa Bunge kuuhoji, na bila Bunge A-10 isingerudishwa uwanjani kule Kansas.

Kinachonipa moyo zaidi ni kidogo kwa umbo: ndege zisizo na rubani, zilizokusudiwa kuruka sambamba na zile zenye rubani. General Atomics walirusha YFQ-42A Agosti 2025, Anduril wakarusha YFQ-44A Oktoba mwaka huohuo. Jeshi la Anga limeunda kikosi cha majaribio huko Nellis, Nevada, ili askari wa kawaida, wale watakaozipaki, kuzijaza mafuta na kuzituma, wazishike kabla ya maamuzi makubwa. Uamuzi wa uzalishaji ulipangwa kwa mwaka wa fedha 2026, na maofisa wamesema mlango uko wazi kwa kampuni moja au zote mbili. Ningekuwa mbunge kule ningepigania zibaki zote mbili kwa miaka kadhaa, hata kama moja itapewa oda ndogo ya kuendeshea kiwanda tu, na ningetaka taarifa za mafundi wa Nellis zifike kwenye kamati kama zilivyoandikwa, kabla ya mkataba kusainiwa.